Chupa za Dirishani

4 Machi

Chiriku mwanangu,

Salamu kwanza, nyingi. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko? Mimi nipo, nakula kidogo, nasimama kwa miguu yangu, na tushukuru kwa hilo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu siiamini tena. Barua hii nitaigonga muhuri mwenyewe na kuitia kwenye mfuko wa ng'ambo kwa mkono wangu. Miaka ishirini na mbili ya posta imenifundisha kwamba mfuko ukishafungwa, hakuna wa kuugusa hadi uwanja wa ndege.

Keti chini. Baba yako wamemchukua. Jumanne, saa nne asubuhi, pale pale maabara ya maji, akiwa na koti lake jeupe. Watu wawili, wapole kabisa, wakamwambia, "Mzee, tunaomba dakika tano." Leo ni siku ya sita ya hizo dakika tano.

Kosa lake unalijua. Zile nyumba thelathini chini ya kiwanda cha betri, alizipima maji akakuta sumu. Wakubwa wakamwambia karatasi ikae kwenye droo. Yeye akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa idara, katikati ya orodha ya likizo na tangazo la funguo zilizopotea. Nilipomuuliza wazimu gani huo, akanijibu kwamba ubao wa matangazo kazi yake ni kutangaza. Huyo ndiye baba yako.

Kila asubuhi kabla ya kazi napita getini pale kituoni na mfuko: shati, sabuni, dawa zake za presha. Wakiupokea, nitajua yumo na yu hai. Askari ananiambia, "Hatuna mtu huyo," narudi nao. Alizokuwa nazo mfukoni ni dawa za siku tano tu.

Sasa nisikilize. Mdomo wako naujua, si bure baba yako alikuita Chiriku. Usiandike kitu mtandaoni. Hata nukta. Naogopa, mwanangu. Gari likipunguza mwendo hapo nje, nazima taa.

Mama yako.


14 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, usiwe na wasiwasi. Miguu yako je? Unalala?

Barua yako imenikuta nikitoka zamu. Nimeisomea kwenye ngazi za nyuma za hoteli, kati ya mafurushi ya mashuka machafu, nikalia hadi mwenzangu wa kupiga pasi akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, bado. Hilo "bado" limenitoka tu, nisamehe.

Mama, umechelewa. Habari nilizipata siku ya pili yake kutoka kwa mtu wa idarani, na nilishaandika. Usipige kelele kwanza. Nimetumia ukurasa usio na jina langu. Nimeweka picha niliyoipiga asubuhi ile ya kuondoka nyumbani: chupa za Baba za maji ya zile nyumba, alizozileta kutoka maabara, zimepangwa dirishani jikoni, jua linapita ndani yake, na zile nne za mwisho maji yana ukungu. Hakuna uso wa mtu. Ni chupa na lebo zake tu. Chini nikaandika, "Aliyepima maji haya yuko wapi?"

Watu elfu arobaini wameweka hizo chupa kwenye profaili zao! Elfu arobaini, Mama, watu wa nchi ambazo sijui hata zilipo kwenye ramani.

Najua utasema hiyo ni kazi ya kidole kimoja. Ndiyo, ni ya kidole kimoja. Mimi hapa nina nini kingine? Nina vidole kumi na mashuka mia tatu kwa siku. Lakini hao wakubwa hawapendi kutazamwa. Mtu anayetazamwa hapigi kwa nguvu.

Kila nikishika simu, idadi imepanda, na kwa dakika moja siogopi. Kisha naogopa tena.

Mwanao, Chiriku.


26 Machi

Chiriku,

Salamu. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama getini. Mfuko bado hawaupokei.

Kwanza ngoja nikucheke kidogo, ndipo nikwambie kilichonitoa jasho. Msichana wa kaunta namba mbili, yule wa kucha ndefu, aliweka chupa za baba yako kwenye profaili. Akanivuta chooni kunionyesha, akaninong'oneza, "Mama, tuko pamoja." Mkuu wa posta alipopita kaunta, msichana akairudisha ile picha yake ya waridi upesi kuliko anavyogonga muhuri. Mchana akaweka tena chupa. Basi tuko pamoja, chooni. Wengine wote wenye chupa zao kwenye simu wakikutana nami koridoni wanakumbuka kitu walichosahau huko walikotoka. Elfu arobaini, mwanangu, na getini niko mimi, mfuko wangu, na kunguru wawili juu ya ukuta.

Haya. Picha yenyewe nimeiona kwenye simu ya yule msichana. Wewe ulizitazama zile lebo kwa karibu? Juu ni namba ya nyumba. Chini yake kuna herufi mbili. Hizo ni herufi za jina la mtu aliyechota, ndivyo wanavyofanya maabara, ili maji yakija kuulizwa ajulikane wa kujibu. Na baba yako kwa goti lake bovu hakuzunguka nyumba hata moja. Chupa zote thelathini alichota Mama Pacha, mwosha chupa wao, kwa sababu mwanamke akibisha hodi jikoni anafunguliwa. Namjua mume wangu. Huko ndani atakuwa amewaambia alifanya yote peke yake.

Juzi wamemchukua Mama Pacha. Walikwenda kwake na picha yako, imechapwa kwenye karatasi kubwa, herufi zake zimezungushiwa wino mwekundu.

Pacha wako hapa kwangu. Mabinti wawili wa miaka saba. Wamekaa kwenye kochi wameshikana mikono na hawataki kuvua viatu, eti mama yao akija waondoke naye mara moja.

Ifute hiyo picha. Leo.

Mama yako.


5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui niulize hali ya nani kwanza.

Nimefuta. Nimefuta dakika ile ile, na haikusaidia kitu. Picha iko kila mahali. Iko kwenye fulana. Mtu ameichora ukutani karibu na hoteli yetu, napita mbele yake nikienda kazini, chupa kubwa kuliko mimi. Sasa ni watu elfu tisini. Nilipofuta wakanishukia kwa matusi, kwamba nimenunuliwa, kwamba nimemsaliti mpima maji. Wananifundisha uchungu wa baba yangu, Mama! Mmoja aliandika "hatutarudi nyuma," na dakika moja baadaye akaweka picha ya viatu vyake vipya.

Zile herufi. Nilipokuwa mdogo Baba aliniwekea kigoda nimwoshee chupa, unakumbuka? Wakati ule alichota mwenyewe, na kila lebo ilikuwa na herufi zile zile mbili. Nikakua nikidhani zinataja aina ya maji, labda ya bomba au ya kisima. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Mimi, Chiriku, ninayeuliza kila kitu.

Leo nimeunguza shuka kwenye mashine ya pasi, nilikuwa nimesimama tu nikilitazama. Nimemfunga Mama Pacha kwa kidole kimoja. Wale watoto wamevua viatu? Niambie wamevua.

Nataka kurudi nyumbani.

Mwanao.


16 Aprili

Kwa binti yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kuwa unaendelea vyema na kazi. Barua yako ya tarehe tano nimeipokea, nashukuru. Huku kila kitu ni shwari. Baba yako yupo na watu wanaojua kazi yao na mimi sina lalamiko lolote. Hakuna haja ya wewe kusafiri. Watii wakubwa wako wa kazi. Sina zaidi.

Mzazi wako.


20 Aprili

Chiriku wangu,

Hii ndiyo barua. Anakuletea muuguzi anayekuja huko masomoni, ameishona ndani ya pindo la koti lake. Dada yake ni mhudumu wa ndege, na amekubali kutuchukulia barua zetu kuanzia sasa. Ile ya tarehe kumi na sita, kama imefika, niliandikiwa na hofu. Nilimwandikia mtu mwingine atakayeisoma kabla yako. Mimi nikuite wewe "binti mpendwa"? Lini?

Bahasha zako za huko zinafungwa kwa kulamba. Ile ya mwisho ilinifikia imepakwa gundi, ya njano, imefura ukingoni. Hiyo siyo kazi ya posta. Imefunguliwa na kusomwa, mwanangu. Sasa wanajua ni nani aliyeweka picha. Siku ya pili mkuu wa posta akanihamishia chumba cha nyuma kupanga magunia, bila kunitazama usoni. Kwa hiyo futa kabisa hayo mawazo ya kurudi. Ukishuka uwanjani watakuwa wanakusubiri na picha yako mkononi.

Lakini kuna jambo la getini, na sijui nilifurahie au vipi. Jumatatu nilikuwa nimesimama peke yangu kama kawaida, akaja mzee mmoja fundi viatu, ana chupa ya maji. Hakunisalimu hata. Akasimama ubavuni pangu, akaniambia, "Mimi namba kumi na saba." Sikuelewa. Akasema binti yake alimwonyesha picha ya zile chupa, akasoma lebo, akaona namba ya mlango wake mwenyewe. Yale maji yenye ukungu ni ya bomba lake. Ndiyo anayowapa wajukuu.

Jumanne wakawa wanne. Leo ni kumi na mmoja, kila mmoja na chupa kutoka jikoni kwake, amebandika namba ya nyumba yake. Hawapigi kelele. Wengi hawana hata simu za kugusa, hawajabonyeza kitu chochote maishani mwao. Wanaogopa, naona wanavyozikumbatia chupa zao. Gari likipita taratibu wote tunatazama chini.

Leo, kwa mara ya kwanza, askari amepokea mfuko. Wa baba yako na wa Mama Pacha. Wamo, na wako hai. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Sijui nikushukuru au nikuchape.

Watoto wamevua viatu. Wanaviweka chini ya mto.

Mama yako.


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pindo la koti tulilifumua pamoja, mimi na muuguzi.

Wako hai. Nimeisoma sentensi hiyo hadi karatasi imelegea.

Nikwambie la huku ucheke. Wale elfu tisini wameondoka. Wiki hii wameweka picha ya paka aliyeokolewa kwenye bomba la maji machafu. Wenye chupa mpaka sasa nadhani ni wale waliosahau kuzibadilisha. Nilikuambia mtu anayetazamwa hapigi kwa nguvu. Sasa hakuna anayetazama, ila nyinyi kumi na mmoja, na nyinyi mnapigika. Ndilo linaloniamsha usiku.

Tafadhali simama nyuma ya fundi viatu. Usiwe wa mbele.

Mwanao, Chiriku.


12 Mei

Chiriku wangu,

Baba yako yuko nyumbani! Nimeanza na hilo, salamu zitafuata.

Walimtoa Ijumaa kupitia mlango wa pembeni, hana mkanda, suruali ameishika kwa mkono. Amekonda. Anasikia kwa sikio moja. Sisi pale getini tulikuwa ishirini na sita siku hiyo. Askari anasema ni makelele ya ng'ambo yaliyomtoa. Fundi viatu anasema ni sisi. Mwingine anasema walimchoka tu. Mimi nimeacha kuuliza.

Sasa nikupe lililo moyoni. Alipofika hakuniuliza hali yangu. Aliosha uso, akasimama mbele ya dirisha la jikoni, akauliza, "Nani aliipiga picha?" Kumbe kwa wiki tatu aliwaambia alikuwa peke yake, akapigwa kwa hilo, na akalishikilia. Siku moja wakamwekea ile karatasi kubwa mezani. Anasema hapo hawakuhitaji kumpiga tena.

Nikamwambia ni mimi. Nikasema nilipiga kwa simu ya msichana wa kaunta. Mimi, nisiyejua hata kuwasha simu ya kugusa, na akaniamini. Ndipo nilipojua jinsi alivyochoka.

Siku ya nne leo hajanisemesha. Anakula nilichopika, anashukuru, basi. Mama Pacha hajatoka. Kila asubuhi baba yako anabeba mfuko wake hadi getini, na watoto wanamsindikiza hadi kona.

Usije ukamwambia. Mimi nimeshazoea kununiwa, wewe hujazoea. Naomba unisikilize walau safari hii.

Mama yako.


24 Mei

Mama,

Shikamoo, na Mungu akulinde. Safari hii pia sikusikilizi.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo. Ni ya Baba. Nimemweleza yote: kigoda, herufi, nilivyokaa kwenye ngazi za hoteli nikitazama idadi ya watu ikipanda huku Mama Pacha akitafutwa. Sikujitetea. Nimeandika kwamba wewe hukupiga picha yoyote.

Kila siku unayonuniwa wewe inanikosesha usingizi mimi. Siwezi. Nilifanya jambo moja jepesi maishani, likawaangukia watu wote isipokuwa mimi. Ukiichoma hiyo bahasha sitajua kamwe. Lakini wewe ni mtu wa posta, Mama. Hujawahi kuzuia barua ya mtu.

Mwanao.


3 Juni

Chiriku,

Salamu. Tu wazima wote, pacha mmoja ana mafua.

Nilikaa na bahasha yako siku mbili ndani ya sidiria. Siku ya tatu nikampa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Akanitazama, akasema, "Ulinidanganya vizuri." Kisha akanipikia chai. Miaka thelathini ya ndoa, ni mara ya pili.

Juu yako hakusema neno. Ila leo asubuhi ameosha chupa moja, akaijaza maji ya bomba letu, akabandika lebo. Juu namba ya nyumba yetu. Chini, herufi zako mbili. Ameiweka dirishani.

Sijui kama anakushtaki au anakuita. Naogopa kumuuliza, maana yote mawili yananitisha. Sikuambii uje. Nakueleza tu kilichopo dirishani kwa sababu hata hiyo ni barua, na siwezi kuizuia.

Getini tuko arobaini. Mama Pacha bado.

Mama yako.


11 Juni

Mama, Baba,

Shikamooni. Nafika Jumanne ijayo mchana. Nimerudisha sare ya hoteli, nimewaaga wa pasi. Naogopa, siwafichi. Ningeweza kuandika mtandaoni kwamba nakuja, watu wakatazame. Labda ingenisaidia. Sikuandika, kwa sababu sijui tena ni nani mwingine atakuwa ndani ya picha.

Ile chupa msiiguse. Nitaibeba mwenyewe.

Mwanenu, Chiriku.


20 Juni

Chiriku wangu,

Sijui niandike anwani gani juu ya barua hii.

Baba yako alikaa uwanjani Jumanne hadi abiria wa mwisho akatoka, na wahudumu, na mfagizi. Mhudumu wetu wa ndege anasema uliketi safu ya kumi na tisa, na wakati wa kushuka walikusimamisha watu wawili, wapole kabisa.

Jana tulikwenda getini na mifuko miwili, wa Mama Pacha na wako. Wako wakaukataa. "Hatuna mtu huyo."

Leo tumerudi. Baba yako ameshika chupa yenye herufi zako kwa mikono yote miwili, na goti lake lile, hataki kukaa. Tulikuwa kama sitini. Kisha nikasikia mtu anapumua kwa nguvu nyuma yangu kama aliyekimbia, nikageuka. Msichana wa kaunta namba mbili. Na sare ya posta, mchana kweupe, mkuu wa posta akimwona kutoka ng'ambo ya barabara. Ana chupa, na lebo ameiandika vibaya, kinyume, namba chini na herufi juu. Kucha zote amezing'ata. Nikamuuliza, "Na waridi lako?" Akasema, "Mama, usinichekeshe, nitakojoa."

Barua hii naikunja ndani ya mkono wa sweta lako la kijivu, kati ya sabuni na dawa ya kifua. Kesho nitaupeleka tena mfuko. Wakiupokea, Mungu anisamehe, nitafurahi.

Ukiupata, toa vyote, kisha waombe wanirudishie mfuko. Weka kitu chako ndani, chochote, hata uzi wa kwenye sweta, nijue umekufikia. Pacha wamekuandalia nafasi kwenye kochi. Viatu vyao wamevivaa tena.

Mama yako.